Nguva, king'ora, chunusi: shajara ya maelezo ya picha kumi na mbili

12 Januari

Nimeanza. Daftari jipya, kalamu mbili, na orodha ya picha kumi na mbili za wachoraji wa Uingereza, nyingi za enzi ya Malkia Victoria, karibu zote za wanawake wa majini au wa visa vya Wagiriki wa kale. Kazi yenyewe ni hii: kila picha niiandikie maelezo ya Kiswahili yasiyozidi maneno 120, kisha niyasome na kuyarekodi kwa simu. Mtu akisimama mbele ya picha, au akiitazama kwenye skrini huko aliko, asikie sauti inayomweleza anachokiona. Sijatumwa na mtu wala silipwi. Naishi Manchester, kazi yangu ni ya zamu za usiku, kutunza wazee. Asubuhi usingizi ukinikimbia huenda jumba la sanaa la mjini, kuingia ni bure na ndani kuna joto. Miaka mitatu nimesoma vibao vya Kiingereza pale, na kila nikisoma najiuliza mama angeelezwaje.

Sharti nililojiwekea: ndani ya maelezo kusiwe na neno la Kiingereza hata moja. Majina ya watu na miji sawa. Mengine yote yatafutiwe neno.

Nimeanza na picha niliyoidhani rahisi, ya John William Waterhouse, ya mwaka 1900. Msichana ameketi peke yake ufukweni penye mawe, mkia wa magamba ya fedha umemzunguka, nywele ndefu za wekundu wa udongo anazichana kwa kitana, mdomo wazi kidogo kama anaimba. Kando yake kuna kombe lililojaa lulu. Picha hii ni mali ya Royal Academy ya London, chama cha wasanii. Desturi yao ni kwamba mtu akichaguliwa kuwa mwanachama kamili lazima awape kazi yake moja, ibaki kwao. Waterhouse alichaguliwa 1895, na deni lake akalilipa kwa mwanamke huyu, tena kwa kuchelewa.

Kamusi inasema: nguva. Nikaandika nguva. Maneno 94. Nikalala.

13 Januari

Mjomba yuko Mafia, mvuvi, sasa miguu haimpeleki tena baharini. Nilimtumia picha kwanza, kisha nikampigia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Nimemwona huyo mwanamke wako. Kapotea njia?"

"Huyo ndiye nguva, mjomba. Wazungu walivyomchora."

Kimya. Halafu: "Mwanangu, nguva ana sharubu."

Akanieleza kwa utulivu, kama unavyomweleza mtoto aliyeshika kitu kichwa chini. Nguva kamwona mara mbili maisha yake yote. Mara ya kwanza ndani ya jarife, amekwisha kufa, maana nguva ni kama mimi na wewe, asipopanda juu kuvuta pumzi anakufa maji. Mdomo umemwinamia chini kama mfuko, ngozi nene ya kijivu, jicho dogo. Kutwa anakula majani ya bahari kama ng'ombe. "Sasa huyo wako kutwa na kitana. Majani atakula saa ngapi?"

Nikacheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Ila suala ni la kweli. Nguva wa mjomba anafika mita 3 na kilo 400, na wamebaki wachache mno: baadhi huko Lamu, baadhi kati ya delta ya Rufiji, Mafia na Kilwa. Nguva wa Waterhouse anabebeka mgongoni. Neno letu ni moja kwa wote wawili, na lilianza kwa yule mwenye sharubu. Wazungu nao walichanganya, kwa kurudi nyuma: mwaka 1811 Mjerumani Illiger alipotafuta jina la kundi la wanyama hawa, akawaita Sirenia, kwa jina la wale wanawake waimbaji waliowaua mabaharia katika shairi la Homeri, Mgiriki wa kale. Mnyama asiyemdhuru mtu, mla majani, kapewa jina la wauaji. Anayeuawa ni yeye.

Nimebadili sentensi ya kwanza ya maelezo. Sasa inasema: "Nguva huyu si yule wa kwenye jarife." Maneno 99.

18 Januari

Leo nimefika kwa William Etty, *The Sirens and Ulysses*, 1837. Ulysses ni jina la Kilatini la Odysseus, baharia wa Homeri anayepita karibu na wale waimbaji. Mwaka huo ndio Victoria aliokalia kiti. Picha ni kubwa kama ukuta wa chumba changu, karibu mita 3 kwa mita 4 na nusu, na iko hapahapa Manchester.

Nilichoka, nikafanya uvivu nikaitupia programu ya tafsiri. Ikanirudishia: "Ving'ora na Ulysses".

Nimekaa nalo saa nzima, maana si kosa la kipumbavu. Neno la king'ora cha gari la wagonjwa kwa Kiingereza ni lilelile la wale wanawake. Mwaka 1819 Mfaransa Cagniard de la Tour alitengeneza chombo cha kutoa sauti kwa hewa inayopita kwenye sahani yenye matundu. Kwa kuwa kilitoa sauti hata kikiwa ndani ya maji, akakipa jina la waimbaji wa baharini. Kutoka hapo likahamia viwandani, kwenye meli, kwenye magari ya zimamoto. Naishi karibu na hospitali. Kila usiku Homeri anapita dirishani kwangu na taa za bluu.

Turudi kwa Etty. Alikuwa mtoto wa mwoka mikate wa York, akawa maarufu kwa kuchora wanawake uchi, na kutukanwa kwa hilohilo. Hapa wako watatu, hawana mkia wala manyoya, wanawake watupu tu wameinua mikono kuita meli. Kinachonishika si wao. Ni kilichowazunguka mchangani: mifupa, na maiti za wanaume zilizoanza kuoza, moja imegeuka rangi kabisa. Etty alikwenda mochwari kuzitazama ili azichore sawasawa. Watu wa wakati wake walikasirika, wengine kwa uchi, wengine kwa maiti. Hata hivyo mfanyabiashara wa Manchester, Daniel Grant, aliinunua mwaka uleule.

Kisha picha yenyewe ikaanza kuoza. Etty alikuwa ametumia gundi kali kuimarisha rangi, gundi ilipokauka na kukakamaa rangi ikapasuka na kubanduka. Ikawekwa stoo miaka na miaka. Mafundi waliifanyia kazi muda mrefu, ikarudi ukutani 2010. Mwanaume achora miili inayooza, kwa gundi inayoiozesha picha. Ningekuwa nabuni hadithi nisingethubutu.

Neno bado sina. Nimeacha pengo na alama ya kuuliza.

26 Januari

Waterhouse tena, 1891, Odysseus na waimbaji. Hii iko Melbourne. Jumba la huko liliinunua mwaka uleule ilipomalizika, ikapakiwa meli ikavuka bahari, safari ndefu kuliko ya Odysseus.

Hapa wale waimbaji ni ndege. Mabawa meusi, makucha, na juu yake vichwa vya wanawake wenye nywele zilizofungwa vizuri. Wameizunguka meli chini kabisa, mmoja ametua ukingoni anamtazama mpiga makasia usoni, sentimita chache. Odysseus amefungwa mlingotini asiwafuate, wenzake wamefunika masikio wasisikie wimbo. Hakuna uchi hata kidogo, na kwangu ni ya kutisha kuliko ya Etty na maiti zake zote.

Waterhouse hakubuni. Makumbusho ya Uingereza, British Museum, yana chombo cha udongo cha Kigiriki kilichochimbuliwa Vulci huko Italia, kimechorwa karibu miaka 480 kabla ya Kristo, na juu yake meli ileile, na ndege wenye vichwa vya wanawake. Wagiriki waliwaona hivyo. Homeri mwenyewe hasemi kabisa walivyo. Mkia wa samaki uliwaota baadaye sana, kwenye vitabu vya Kilatini vya karne za kati, na tangu hapo mwimbaji wa Homeri na nguva wa hadithi za mabaharia wakawa mtu mmoja katika vichwa vya wengi.

Nimerudia kusoma wimbo wenyewe. Hawamwahidi Odysseus mapenzi. Wanamwambia: tunajua yote waliyoyapata Wagiriki na watu wa Troy, na tunajua kila litokealo duniani. Njoo usikie, uondoke ukiwa na elimu zaidi. Wanamtega kwa maarifa! Halafu miaka elfu mbili na mia kadhaa baadaye, wanaume wenye brashi London wakaona haitoshi, wakawavua nguo.

Nimeamua: waimbaji hawa ni "sireni", neno la Kigiriki lililovaa kanzu yetu. Nimemsomea mwenzangu wa zamu, Mtanga. "Sireni? Dawa ya nini?" Nimelibakiza, ila mara ya kwanza nimeandika "sireni, wanawake-ndege waimbao".

1 Februari

Hii nilikuwa naingoja. *Hylas and the Nymphs*, Waterhouse, 1896, Manchester waliinunua mwaka huohuo. Nimesimama mbele yake mara nyingi kuliko picha yoyote ya mji huu.

Katika visa vya Wagiriki, kijana Hylas alikuwa msafiri wa meli ya Argo, mpenzi wa shujaa Herakles. Kapelekwa kuchota maji. Amepiga goti ukingoni mwa kidimbwi cheusi kilichojaa yungiyungi, gudulia mkononi, na ndani ya maji wamesimama wasichana saba, maji yamewafika kiunoni, nyuso zao kama za mtu mmoja. Mmoja kamshika mkono. Mwingine ana lulu kiganjani, anamwonyesha. Hakuna anayevuta kwa nguvu. Hakuna anayetabasamu. Kwa mujibu wa kisa, Hylas hakuonekana tena, Herakles akazunguka msituni akiita jina lake mpaka meli ikamwacha.

Niwaite nani hawa? Kwanza nilijaribu "mahurulaini". Mama alinikatiza kwenye simu kabla sijamaliza sentensi. "Hurulaini wako peponi. Usiwatie kwenye dimbwi wakazamisha watoto wa watu." Nikaomba radhi.

"Basi nimwite nani, mama, mwanamke anayekaa ndani ya maji, mtu akija kuchota anamchukua?"

"Huyo si chunusi? Tulikatazwa kuoga kisimani mchana jua la utosi kwa ajili yake."

Chunusi! Nimekaa wiki tatu natafuta katika makamusi, kumbe liko kwenye katazo la utotoni. Chunusi ni yule aliye chini ya maji, anakushika mguu, unazama, na watu wanasema alikuwa anajua kuogelea, imekuwaje. Humwoni, hivyo hana sura ya kusifiwa. Na hapo ndipo tofauti na Waterhouse inapoonekana wazi. Sisi tumeacha hatari bila uso. Yeye kaipa nyuso saba nzuri.

Tatizo: binti wa dada yangu ana miaka kumi na minne. Nilipomwambia kwamba nimewaita chunusi alijishika shavu. Kwa kizazi chake chunusi ni vipele vya usoni, basi. "Shangazi, kijana kavamiwa na chunusi saba?" Akacheka mpaka simu ikamwanguka.

Sitalitoa neno. Nimeandika "chunusi wa kisimani", anayejua atajua, asiyejua amwulize bibi yake.

Katika maelezo nimeongeza sentensi moja tu kuhusu mwaka 2018. Mwishoni mwa Januari mwaka huo jumba liliishusha picha hii ukutani kwa muda, sehemu ya kazi ya msanii Sonia Boyce, watu wajadiliane kuhusu miili ya wanawake inavyotundikwa. Waliacha nafasi tupu, wageni wakabandika karatasi za maoni yao. Wengi walikasirika, wakasema ni udhibiti wa sanaa. Baada ya siku saba ikarudi. Kibao kilichokuwapo ukumbini kiliwataja wanawake wa picha hizo kwa namna mbili: pambo lisilo na neno, au muuaji mrembo. Nami nawatazama wale saba, nauliza: wamemwona yeye kwanza, au yeye kawaona? Hapa neno "chunusi" lina upande wake. Kwenye hadithi zetu chunusi yuko kwake. Mgeni ni mwenye ndoo.

9 Februari

Siku fupi. Mchoraji Edward Burne-Jones, *The Depths of the Sea*, 1886. Nguva anashuka na mwanaume hadi mchangani chini, kamkumbatia kiunoni, na yule kijana amekwisha kufa. Yeye hajui. Au anajua. Anatutazama sisi, na tabasamu ambalo silipendi. Ni picha pekee ambayo Burne-Jones aliwahi kuionyesha Royal Academy. Kwenye fremu kuna maneno ya Kilatini, maana yake karibu na hii: umekipata ulichokitaka kwa moyo wako wote, ewe mwenye bahati mbaya.

Kiswahili kimejileta chenyewe: "Kitakacho kimempata." Hapana, hilo limepinda. Nimefuta. "Alichokitamani kimemfia mikononi." Hili limekaa. Maneno 71, fupi kuliko yote, na sitaliongeza.

Nikiwa bado mezani: mwaka mmoja kabla ya picha hiyo, 1885, gazeti la The Times lilichapa barua ya "mama wa Kiingereza" aliyelalamikia uchi kwenye maonyesho. Mama huyo alikuwa mwanaume mwenye ndevu, mchoraji J. C. Horsley, mweka hazina wa Royal Academy yenyewe. Wachoraji wenzake walimcheka sana. Ila barua inaeleza kwa nini kumejaa nguva na sireni katika miaka ile. Mwanamke wa mtaani akivuliwa nguo ni kashfa, lakini mpe mkia au jina la Kigiriki, ukuta wa sebule unampokea.

23 Februari

Nimechelewa, zamu zimefuatana. Wazee wawili wamefariki wiki moja, na mmoja wao, bibi wa miaka 91, alikuwa akiniuliza kila asubuhi leo niko na mwanamke gani. Nilimwambia: leo Evelyn De Morgan. Akasema hajawahi kumsikia. Nami nilikuwa sijamsikia mpaka mwaka jana.

Alizaliwa 1855, Mary Evelyn Pickering, familia ya wakubwa. Jina la Mary aliliacha, akasaini Evelyn, ambalo wakati ule wanaume nao walilitumia, hivyo mwamuzi wa maonyesho asingejua anamhukumu nani. Alisoma Slade, shule iliyofunguliwa London 1871 ikiwaruhusu wanawake kuchora mwili wa mtu aliye hai. Royal Academy iliwaruhusu wanafunzi wa kike kumchora mwanaume, tena aliyefunikwa sehemu, mwaka 1893 tu. Yaani wanaume walichora wanawake watupu wa baharini kizazi kizima, huku mwanamke akikatazwa kutazama goti.

Na aliyemshika mkono ni mjomba! Kaka wa mama yake, John Roddam Spencer Stanhope, mchoraji aliyehamia Florence. Evelyn alimfuata huko mara kwa mara, akaiona kazi ya Botticelli, mchoraji wa huko wa karne ya 15, na inaonekana katika kila mkunjo wa nguo aliouchora. Nimemwambia mjomba wangu. "Unaona?" akasema, kana kwamba yeye ndiye aliyemfundisha.

Baadaye aliolewa na mfinyanzi, William De Morgan, na pesa za picha zake ndizo zilizobeba karakana ya mume, iliyokuwa ikila hasara mwaka baada ya mwaka.

Picha: *The Sea Maidens*, aliimaliza 1886, mwaka uleule wa Burne-Jones. Inatoka kwenye hadithi ya mwandishi wa Denmark, Hans Christian Andersen, ya 1837, ya nguva mdogo aliyeuza sauti yake apate miguu. Wengine humchora yule mdogo, mrembo anayeteseka. Evelyn alimchora pia, picha nyingine. Hapa lakini kachora dada zake watano waliobaki. Wamesimama ndani ya maji wameshikana mikono, jioni, mikia inaonekana chini ya maji kama kivuli, wanatazama upande ambao mdogo wao ameondokea. Hakuna mwanaume wa kuzamishwa. Hakuna kitana wala kioo. Wana kazi moja tu, kumngoja ndugu yao.

Nyuso zote tano ni za mtu mmoja, Jane Hales, aliyekuwa mlezi wa watoto katika familia yao, na ambaye Evelyn alimchora katika picha nyingi. Waterhouse naye alirudia sura moja mara saba kwenye dimbwi, na pale nilisema wanafanana kama wamenakiliwa. Hapa sisemi hivyo. Hapa nasema ni ndugu. Nimejishtukia. Ni jicho langu lililoamua, kwa kuwa najua nani alishika brashi? Nimeandika mistari miwili na kuifuta, nikaiandika tena. Mwisho maelezo yanasema tu: "Wote wana sura moja, sura ya mlezi."

Kwa neno la kuwaita sikuhangaika. Andersen anasema dada hao walikata nywele zao wakampa mchawi wa bahari, wapewe kisu cha kumwokoa mdogo wao. Kwa hiyo nimewaita "dada watano". Mkia msikilizaji atauona mwenyewe.

8 Machi

Ramadhani imeanza, nimehamishia uandishi baada ya daku, kichwa kikiwa chepesi.

Mama wa ghorofa ya chini, wa Lubumbashi, alikuja kuazima sufuria akamkuta nguva wa Waterhouse kwenye kompyuta.

"Aa, ile njo mamba muntu! Kwetu baba alimutia ku salo."

Sufuria ikasahauliwa. Mamba muntu, mamba-mtu, ndiye mwanamke wa maji wa Katanga. Katika miaka ya 1970 wachoraji wa mitaani wa Lubumbashi walimchora wakauza nyumba kwa nyumba, na familia zilimtundika sebuleni, karibu na redio: mwanamke mweupe mwenye mkia, nywele ndefu, pengine na saa mkononi na nyoka. Kisa chake ni cha mkataba. Ukiokota kitana chake ukingoni, au unywele wake, usiku anakujia ndotoni kukidai. Ukimkubalia na ukanyamaza, utatajirika. Ukisema, umekwisha.

Nikamwonyesha kitana mkononi mwa nguva wa Waterhouse. Akainama kwenye skrini. "Hajakitupa bado," akasema. "Hataki mutu."

Vibao vya Kiingereza husema kitana ni ishara ya majivuno. Ndivyo mafundi wa makanisa walivyomchonga nguva tangu zamani: kijijini Zennor, Cornwall, yuko kwenye kiti cha kanisa cha karne ya 15, kioo mkono mmoja na kitana mkono wa pili, awaonye waumini. Kwa mama wa Lubumbashi kitana ni hati. Ni mali ya mtu, na kuna anayeitafuta. Nimesoma mengi juu ya picha hii, hakuna aliyeniambia jambo la namna hiyo kwa maneno manne.

Nilimsimulia nami kitu. Ndugu wa mamba muntu huko Afrika Magharibi, Mami Wata, sura yake iliyoenea zaidi ilitoka kwenye karatasi ya rangi iliyochapwa Hamburg, Ujerumani, katika miaka ya 1880, tangazo la mwanamke mcheza na nyoka. Mabaharia wakaibeba, watu wa pwani wakaitazama wakasema huyu tunamjua. Miaka ileile Burne-Jones alikuwa akichora tabasamu la nguva wake. Karatasi ya tangazo la burudani imepata waumini. Picha ya Royal Academy imepata kibao.

Nimeongeza sentensi moja mwisho wa maelezo ya kwanza: "Angalia kitana: bado kiko mkononi mwake." Maneno 106.

15 Machi

Kurekodi. Jaribio la kwanza, mashine ya kufulia ya jirani. La pili, king'ora cha kweli, katikati kabisa ya sentensi ya Odysseus na mlingoti. Nilitaka kuifuta, nikasikiliza tena, nimeiacha. La tatu sauti yangu ilikuwa ya mtu aliyefunga saa kumi na tatu.

Sita zimekamilika. Zilizobaki ni mwanamke wa Shalott, wa shairi la Kiingereza, Kirke wawili, yule mchawi wa Homeri, Medea wa De Morgan, mchawi mwingine wa Wagiriki, mvuvi na sireni wa mchoraji Leighton, na Odysseus na sireni wa Herbert Draper wa mwaka 1909. Huyo wa mwisho namfikiria kumtoa, Victoria alikuwa amekwisha kufa miaka minane, na sireni wake wanaota mkia wakiwa majini na miguu wakipanda melini, jambo ambalo mjomba hatalipitisha.

Nimemtumia mjomba ile ya kwanza. Baada ya futari amejibu kwa sauti, na nyuma yake nasikia vyombo na watoto.

"Mwanangu, umesoma vizuri, nimekusikia kama uko hapa. Sasa nieleze: huyo ameketi mawe makavu au mabichi? Maji yanajaa au yanakupwa? Maana kama yanakupwa, muda wa kuchana nywele hana. Na wewe hujasema."

Sijasema, kweli. Maneno 120 hayajafika, nina nafasi ya 14. Kesho nikitoka zamu naifungua tena ile picha, niangalie maji tu.